Mbao za Bwawa la Juu

Jumanne, 1 Julai

Leo nimeingia tena majini na zile mbao. Kiangazi kimeanza rasmi, maana Mkuu wa kituo cha msitu anasema kiangazi hakianzi mpaka mgeni wa kwanza aruke bwawani na kupiga kelele kwamba ni baridi. Ameruka leo, kijana mmoja mnene kutoka mjini, na kelele kweli amezipiga. Ndege wote wamehama.

Kazi yangu naiandika kama ilivyo, nisije nikajidanganya uzeeni kwamba nilikuwa afisa mkubwa. Bwawa liko juu msituni, mahali kijito kinapoanguka kutoka mwambani. Upande wake wa chini maji hutokea katikati ya mawe mawili makubwa. Asubuhi naingia hadi magotini, natumbukiza mbao katikati ya yale mawe, moja juu ya nyingine, bwawa linajaa, wageni wanaogelea. Jioni nazitoa, na maji yanateremka hadi kwenye mdomo wa bomba la mtaa wa chini, ambako ndiko kwetu. Mchana maji ni ya wageni, usiku ni ya wenyeji. Ninayegawa ni mimi, na ndiyo maana sipendwi upande wowote.

Magoti yameanza mapema mwaka huu.

Ijumaa, 4 Julai

Wageni wengi. Maganda, chupa, soksi moja. Nimechoka.

Jumatatu, 7 Julai

Jumatatu bwawa hufungwa kwa usafi. Nikishasugua mawe, natelemka nyumbani nikalale kitandani kwangu, si kwenye kile kitanda cha kituoni kinachonisimulia habari zake kila nikigeuka.

Nimemkuta mume wangu barazani na cherehani yake, kama nilivyomwacha. Yeye ni mtu wa kukaa. Hata nyumba ikiungua atamaliza pindo kwanza. Dada yake mkubwa, yaani wifi yangu, anakaa uzio mmoja na sisi, na humwita Kiti. "Kiti hajambo?" ananiuliza, mwenyewe akiwa pale pale anasikia. Mume wangu hucheka. Mimi ndiye ninayekasirika kwa niaba yake.

Wifi ni mwenyekiti wa kina mama wa kitalu. Ule mteremko ulioungua mwaka juzi, kuanzia juu ya mtaa hadi kwenye mwamba, wao ndio watakaoupanda mvua zikianza. Ana mierezi kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, mamia kwa mamia, na mbegu zake aliziokota mwenyewe msituni, akiinama chini ya miti iliyosalimika. Mwerezi ni mti wa maringo, mwaka wa kwanza haukui hata kumridhisha mbuzi. Amewalea kama wanawe miaka miwili sasa. Kabla hajanipa hata kiti ameniambia, "Wifi, maji yanachelewa kufika. Miche yangu inywe nini, mate?"

Nimemwambia kiangazi bado kichanga. Amenitazama kama mtu aliyeuziwa yai viza.

Alhamisi, 17 Julai

Baridi asubuhi. Nimetumbukiza mbao huku meno yanagongana. Mgeni mmoja ameniuliza kama nafurahia kufanya kazi mahali pazuri namna hii. Nimesema sana.

Jumanne, 22 Julai

Miezi ya mvua maji hupita juu ya mbao, hata bwawa likiwa limezibwa, mtaa wa chini unapata chake. Leo hakuna kilichopita juu. Nimekaa kwenye jiwe nikatazama ule ubao wa juu, mkavu.

Redio amekuja kunipa habari. Redio ndiye anayekata tiketi getini, na jina hilo alipewa kwa haki. Anasema wageni wa mwaka huu wanazidi wa mwaka jana, na kwamba Mkuu amefurahi hadi amepiga mluzi. Nikamuuliza, je, kijito nacho kimefurahi? Akasema hilo atalifuatilia.

Jumatano, 23 Julai

Mkuu ameagiza mbao zitoke giza likianza kuingia, si saa ile jua linapofika kwenye mierezi mikubwa kama zamani. "Mama, wageni wanapenda kuogelea jioni, mwanga ni mzuri kwa picha." Nikasema watu wa chini. Akasema watu wa chini wana usiku kucha. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nikasema moyoni, maana kwa mdomo nina watoto wawili shuleni.

Jumatatu, 4 Agosti

Nyumbani. Mtaa umebuni utaratibu wake. Kwa kuwa hakuna ajuaye maji yatafika saa ngapi, kila mtu anaacha koki wazi na debe tupu chini yake, kisha analala. Maji yakigonga bati, mwenye nyumba anaamka, anampigia jirani ukuta, jirani anampigia mwingine. Hata pale kitaluni, kando ya uzio wetu, liko debe. Mume wangu anasema tumekuwa watu wa kuamshwa na mabati, bado kulishwa nyasi tu.

Wifi amenipa vidonge vyangu. "Wifi, wewe umeolewa huku au kule bwawani? Wale wanaogelea, sisi tunakinga matone. Ukienda kuzitia mbao zako, unaona sura ya nani?"

"Naona sura ya anayenilipa," nikasema.

Ilinitoka vibaya. Akachukua kopo lake akarudi kumwagilia, kikombe kimoja kwa kila kiriba, anahesabu kwa midomo. Mume wangu akataka kwenda kumsaidia. Dada yake akapaza sauti kutoka ndani ya kivuli cha nyasi kinachofunika miche, "Usiingie humu! Utanikanyagia miche na hiyo miguu ya cherehani." Akarudi kukaa. Ni kweli hajui mche wala gugu, lakini ule mkono wa kumfukuza sikuupenda.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimechoka mpaka kalamu nzito.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo nimeona jambo. Msafisha vyoo hajafika siku ya tatu, na wageni wamejaa kambini. Nikapita nyuma nikamkuta Mkuu mwenyewe, suruali imekunjwa, ndoo mkononi, anasugua choo cha wanaume. Aliponiona hakuona haya. Akasema, "Usimwambie Redio."

Nikachukua ufagio nikamsaidia. Tukiwa pale akaniambia mambo ambayo hajawahi kuniambia. Kwamba kule makao makuu kuna watu wanautazama msitu huu wakiona magogo tu. Kwamba kila mwaka wanamuuliza, huo msitu wako unaleta nini? "Msitu usioleta wageni utaletewa misumeno, mama. Mimi nawaonyesha wageni. Sina kingine cha kuwaonyesha."

Nilikuwa nimemweka kwenye fungu la wabaya na nilikuwa nimetulia nalo. Sasa sijui nimweke wapi. Ni rahisi kumchukia mtu mpaka umwone na brashi ya choo.

Jumatatu, 18 Agosti

Nyumbani. Wifi ameanza kutoa viriba vilivyokufa. Amevipanga nje ya kivuli, karibu na bomba la kitalu, ili baadaye amwage udongo na kutumia viriba tena. Mstari mrefu wa vijiti vya kahawia. Nilimsaidia kubeba. Mikono yake imepasuka, nikamwona amezeeka, na mimi nilizoea kumwona mkali tu.

Nikamuuliza vilivyobaki vitafika kwenye mvua? Akasema, "Vikipata maji kila usiku, vitafika. Vikikosa usiku mmoja, vitavumilia. Mbili, sijui."

Jumanne, 26 Agosti

Hakuna wingu.

Alhamisi, 28 Agosti

Mkuu ameniita ofisini. Kampuni moja ya mjini inaleta wafanyakazi wake wote, Ijumaa mpaka Jumapili, mahema, muziki, mashindano ya kuogelea. Kijito kimepungua, hata maji yakifungwa kutwa bwawa halijai. Kwa hiyo mbao zilizotiwa asubuhi hazitatoka leo jioni, wala hazitatoka mpaka Jumapili jioni wakiondoka.

Nikamwambia, "Mkuu, kuna miche kule chini. Ni ya mteremko wetu wenyewe, wa msitu huu huu."

"Najua, mama."

"Itakufa."

Alisugua macho. Kisha akasema kwamba miongoni mwa hao wageni atakuwepo mtu wa makao makuu, shemeji ya bosi wa kampuni, na kwamba akiona bwawa tupu, kesho kutwa hakutakuwa na haja ya mteremko wala miche. "Siku tatu tu."

Sikuzitoa. Nimeandika hapa kwamba sikuzitoa.

Ijumaa, 29 Agosti

Muziki tangu asubuhi.

Jumamosi, 30 Agosti

Redio alishuka mtaani kununua betri, akarudi na ujumbe. Wifi anasema mierezi imeanza kuinamisha vichwa. Hakutia matusi, na Redio mwenyewe hakutia chumvi, ndipo nilipojua ni kweli.

Nilikwenda kwa Mkuu. Alikuwa amezungukwa na watu wa suti za michezo. Alinitazama kwa mbali, akatikisa kichwa kidogo kabla hata sijafungua mdomo. Nikarudi bwawani.

Jumatatu, 1 Septemba

Naandika nyumbani, na nitaandika yote, sina pa kuwahi.

Jana asubuhi niliamka nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Nilikaa kwenye jiwe langu nikiwatazama wale watu wakishindana. Hawakuwa wabaya. Mama mmoja alinipa chai na kuniuliza habari za watoto. Ilipofika adhuhuri, wengi wao wakiwa majini, wakarusha mpira, ukaja ukagota kwenye mbao. Nikaingia kuutoa. Nikaurusha. Halafu, badala ya kurudi kwenye jiwe, nikashika ubao wa juu nikauvuta.

Sikuwa nimeamua. Nasema kweli. Mikono ilikuwa pale na ubao ulikuwa pale. Wa pili ulikuwa umevimba, nikauvuta kwa goti. Wa chini nikaupiga teke. Maji yakapita baina ya miguu yangu kwa nguvu nikashika mwamba nisianguke, na nilifurahi. Nilifurahi kama mwendawazimu.

Mwanzoni walidhani ni mchezo. Wakashangilia. Kisha maji yakawafika kiunoni, yakawafika magotini, mwisho wakawa wamesimama kwenye tope na majani yaliyooza, na chupi zao za kuogelea, wakitazamana. Mmoja akasema, "Mama, mbona unatufanyia hivi?"

"Zamu yenu imekwisha," nikasema.

Mkuu alikuja akikimbia. Wakati huo huo, kwenye njia ya upande wa pili, wakatokea kina mama wa kitalu, wote kabisa, Wifi mbele, wamejifunga kanga viunoni. Walikuwa wamepanda mlima kuja kumkabili Mkuu ana kwa ana. Wakaona bwawa tupu, wakaniona mimi nimeloa na ubao mkononi. Wakapiga vigelegele msitu ukaitikia. Wifi alinikumbatia. Tangu niolewe hajawahi kunikumbatia.

Hapo mmoja wao, mwenye mtoto mgongoni, akasema, "Jamani, huko chini amebaki nani?"

Wifi akaniachia.

"Koki," akasema Wifi. "Ziko wazi zote."

Hakuna mtu katika mtaa ule anayetazamia maji adhuhuri. Waliobaki walikuwa mashambani na sokoni. Nusu ya mtaa ilikuwa imesimama mbele yangu. Madebe yalikuwa yanalia na hapakuwa na wa kuamshwa. Maji yote niliyoyaiba kwa ajili yao yalikuwa yanamwagika barabarani.

Tulikimbia. Nilitupa ubao nikakimbia nao, na haya magoti yangu, tukishikana mikono kwenye miteremko. Hatukuwa na pumzi hata ya kulaumiana. Tulipofika, njia ilikuwa matope, kuku wanakunywa kwenye nyayo za watu, na koki zimebaki zinatoa uzi. Tulipokuwa tunatafuta ndoo, hata uzi huo ukakatika. Mkuu na Redio walikuwa wamezirudisha mbao.

Tukaingia kitaluni. Mume wangu alikuwa pale, amelowa kuanzia shingoni, suruali imekunjwa, kopo mkononi, anahema. Amesimama! Alisema alikuwa anashona, akasikia debe la kitalu linalia, akadhani amesinzia. Akaacha cherehani katikati ya pindo. Akabeba maji tangu yalipoanza mpaka yalipokatika, peke yake, kopo baada ya kopo.

"Nimevimwagilia vyote," akasema. "Sikuingia kwenye kivuli, dada, ulinikataza. Nimemwagilia hivi vya nje."

Vile vya nje ndivyo vilivyokufa. Mstari wote ulikuwa umekolea maji, udongo mweusi, vijiti vya kahawia vimeng'aa. Ndani ya kivuli, mierezi iliyo hai imeinama, mikavu, haijapata hata tone. Maji yaliyobaki madebeni majumbani hayakutosha hata mstari mmoja.

Kina mama waligeuza nyuso. Mimi nilisubiri Wifi ampasulie, maana alikuwa na haki. Alitazama viriba, akamtazama mdogo wake, na ile fulana yake iliyogandamana na tumbo. Akampokea kopo.

"Asante, mdogo wangu," akasema. "Kabadilishe nguo, utapata homa."

Mume wangu hajajua mpaka sasa. Sijamwambia. Alilala usingizi wa mtu aliyefanya kazi.

Jumanne, 2 Septemba

Redio ameniletea habari mlangoni: nipumzike mpaka niitwe. Akasema Mkuu hakupayuka. Aliwavusha wageni kwenye tope mmoja mmoja, akiwashika mikono, huku viatu vyake vimejaa maji. Redio akaongeza kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia aondoke kabla sijamzoa yeye.

Alhamisi, 4 Septemba

Maji yanakuja usiku sasa, mapema, tena mengi. Mbao zinatolewa saa ile ya zamani. Sijui kama Mkuu ameona aibu au wageni wameisha. Tunamwagilia asubuhi na jioni, Wifi na mimi. Mierezi haiinuki. Nilitaka kupumzika msimu mzima, na sasa niko nyumbani, sina kazi, na nachoka zaidi.

Jumapili, 14 Septemba

Tumetoa miche iliyokufa tena. Kivulini kumebaki uwazi mwingi.

Jumatano, 24 Septemba

Wifi hajaja kitaluni leo. Nilimkuta amelala na kanga usoni mchana kweupe. "Nimechoka, wifi," akasema. Nikasema, "Najua." Nikalala kando yake.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua. Usiku wote, nzito, bila upepo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mkuu alikuja kitaluni, mwenyewe, kwa miguu. Alivua kofia. Akauliza ni miche mingapi kwa mteremko. Wifi akamwambia ajihesabie. Alipita kivulini taratibu, na nilimwona anavyozidi kufupika. Kisha akaniambia yule mtu wa makao makuu aliandika kwamba kituo hakina nidhamu ya maji, na kwamba, ajabu, amependekeza litengenezwe tangi la mtaa. Hakuomba radhi na mimi sikuomba. Akasema kazi yangu ipo nikiitaka. Nikasema nitafikiri baada ya kupanda.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nilikwenda kumwaga udongo wa vile viriba vya nje, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvigusa tangu siku ile. Nikashika cha kwanza nikakipindua, nikaona chini kabisa, shinani, kijani. Nikadhani ni gugu. Nikamwita Wifi. Alipiga magoti, akakwangua kwa ukucha.

Si vyote. Vingi ni vijiti kweli. Lakini huku na huko, kwenye mstari ule wote, mierezi imechipua upya kutoka chini, imetupa kile kijiti cha juu na kuanza tena.

Wifi alikaa kitako matopeni. "Kiti," akaita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. "Njoo. Njoo uone." Mume wangu akaja na sindano bado mdomoni.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tumepanda. Mvua nyepesi kutwa. Tulianzia juu ya mtaa tukapanda kuelekea mwambani, lakini miche haikufika mwambani. Iliishia hata kabla ya nusu. Mbele yetu palibaki udongo mwekundu, mifereji imeanza kuuchana, maji ya matope yanateremka.

Ilipobaki miche michache ya mwisho, mume wangu aliomba kupanda. Dada yake alimpa kiriba chake cha kwanza. Akauliza kwa heshima kabisa, "Upande upi unakwenda chini?" Kina mama walicheka mpaka mmoja akaangusha jembe. Wifi naye alicheka, akashika tumbo, akainama, na akiwa ameinama kicheko kikageuka. Akakaa chini akalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya watu, anautazama ule udongo mtupu. "Miaka miwili," akasema. "Niliwaokota mmoja mmoja, wifi. Mmoja mmoja."

Ningeweza kumwambia tutapanda tena mwakani. Sikuwa na hiyo mwakani mdomoni. Nilikaa naye kwenye matope nikamshika bega, mvua ikitunyeshea sote wawili, na yeye akaniegemea kwa uzito wake wote. Kina mama walisimama kando bila kujua waende wapi. Mume wangu hakusimama. Aliendelea kupanda, polepole, akipiga magoti kwa kila shimo na kuukandamiza udongo kwa mikono miwili.